Zawadi za sayansi kwa mtoto wa miaka 9: nilizonunua, nilizozijutia na zilizobaki mkononi mwake

Mpwa wangu ametimiza miaka 9. Ni mtoto wa kukuamkia na kukuuliza kwa pumzi moja: “Shikamoo mjomba, mchwa wanaijuaje njia gizani?” Nami, kama watu wazima wengi, nilikuwa nimezoea kuitikia marahaba na kuliacha swali lianguke chini. Mwaka huu dada yangu aliniomba nisimletee mpira mwingine wala viatu, bali kitu “cha sayansi”, na ombi hilo likanipeleka Kariakoo Jumamosi tatu mfululizo, kisha kwenye duka moja kubwa la vitu vya watoto lenye kiyoyozi na bei za kutisha, na mwisho kwenye duka dogo la vifaa vya maabara ambako, laiti ningejua, ndiko ningeanzia. Nimenunua, nimeazima na nimejaribu vitu vingi kuliko nilivyokusudia. Mtoto naye ameshiriki katika kila jaribio, na hukumu zake ni kali kuliko zangu.

Baada ya makosa mawili ya mwanzo nilijiwekea kipimo kimoja tu, nacho ni hiki: je, kitu hiki kinaweza kujibu swali ambalo halikuandikwa kwenye boksi? Sehemu kubwa ya vitu vinavyouzwa kwa jina la sayansi hujibu swali moja lililokwisha kujibiwa na mtengenezaji, mara moja, kwa rangi nzuri, kisha huwekwa juu ya kabati. Mtoto mdadisi ana maswali yake mwenyewe tayari, na kinachomkosesha raha ni kukosa chombo cha kuyaulizia.

Nilianza pabaya, yaani kwa hadubini. Ilikuwa ya plastiki, ya buluu, ndani ya boksi lenye picha ya mtoto wa Kizungu aliyevaa koti jeupe, na kwa maandishi makubwa kuliko yote ilijitangaza kuwa inakuza mara 1,200. Niliinunua kwa shilingi 65,000. Muuzaji alinihakikishia kwamba hospitalini wanatumia hizohizo, na mimi, niliyesoma baiolojia hadi kidato cha nne, nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Jioni ile tulibandua ile ngozi nyembamba iliyo kati ya matabaka ya kitunguu, tukaitandaza juu ya kioo kwa tone la maji, tukaiweka chini ya lenzi ndogo kuliko zote. Kwa kweli kitu kilionekana: vyumba vidogo vidogo vilivyopangana kama matofali ya fundi mwenye haraka, kila kimoja na mipaka yake. Mtoto alishangilia. Kisha akataka ile namba kubwa ya kwenye boksi, nasi tukazungusha hadi kwenye lenzi ya mara 1,200, tukapata giza la rangi ya chai lililozungukwa na upinde wa mvua. Aliweka jicho, akaliondoa, akaliweka tena, kisha akasema kwa adabu, “Mjomba, mimi naona kope zangu tu.”

Alikuwa sahihi, na jambo hili linafaa kuelezwa vizuri kwa sababu ndilo linalowagharimu wazazi fedha nyingi. Kukuza si sawa na kuona. Ukiivuta picha ya simu kwa vidole viwili inakuwa kubwa, lakini baada ya hatua fulani huongezewi lolote isipokuwa ukungu. Mwanga wenyewe una mpaka wake: hata hadubini nzuri ya maabara, yenye lenzi za kioo na tone la mafuta kati ya lenzi na kitu kinachotazamwa, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana zaidi ya takriban 0.2 ya maikromita, na ndiyo maana wataalamu hawana sababu ya kuvuka sana ukuzaji wa mara 1,000 hadi 1,500. Lenzi ya plastiki iliyokamuliwa kiwandani kama kifuniko cha chupa haiwezi kuukaribia mpaka huo, sembuse kuufikia. Namba iliyo kwenye boksi ni hesabu ya kuzidisha tu, lenzi ya juu mara lenzi ya chini, na hesabu ya kuzidisha haihitaji kioo kizuri. Hadubini yetu ilikuwa na dosari nyingine mbili: shingo yake ilikuwa ikiteremka yenyewe taratibu hadi ikapasua kioo cha kitunguu, na balbu yake iliungua wiki ya pili. Duka lilikataa kuipokea tena. Nisingeinunua tena hata kwa nusu ya bei, ingawa nakiri kwamba ile lenzi ndogo, kwa siku zile chache, ilitenda haki.

Mbadala wake nilioupenda ni hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, niliyoletewa na rafiki aliyekuwa masomoni nje. Ilibuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani na ikatangazwa mwaka 2014, kwa nia kwamba chombo cha kuonea vijidudu kipatikane kwa gharama ndogo mno mahali ambapo hakuna maabara. Unapewa karatasi ngumu isiyolowa maji, unaikunja kwa kufuata alama, unapachika lenzi ndogo ya duara, kisha unaielekeza kwenye mwanga na kuweka jicho karibu kabisa. Inakuza mara kama 140 tu, na hiyo “tu” ndiyo sifa yake, kwa kuwa zile mara 140 zinaonekana kweli. Wazo la kutumia lenzi moja ndogo ni la kale: katika miaka ya 1670, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliviona viumbe hai ndani ya maji kwa lenzi mojamoja alizozisaga kwa mkono wake. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuikunja peke yake bila kuvunjika moyo, kwa hiyo mwenye kuitoa zawadi atoe pia nusu saa ya mkono wake mwenyewe. Sisi tulianza na ubawa wa mbu aliyeuawa ukutani kwa kofi. Kwenye mishipa ya ubawa kulikuwa na magamba membamba yaliyolaliana, na mtoto alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza, kisha akauliza kama mbu ni samaki.

Hata hivyo, kitu kilichotumika kuliko vyote katika nyumba ile, na ambacho ningemshauri mtu mwenye fedha kidogo akinunue kabla ya kingine chochote, si cha watoto hata kidogo. Ni lenzi ya sonara: kijilenzi cha kioo kinachokunjwa ndani ya ala yake ya chuma, kinachokuza mara 10, kile ambacho madalali wa tanzanite kule Mererani na Arusha hutembea nacho mfukoni ili kutazama nyufa ndani ya jiwe. Nilikipata kwa shilingi 12,000. Kina jambo moja la kumfundisha mtoto mapema: lenzi huwekwa karibu na jicho, kisha kitu ndicho kinachosogezwa hadi kiwe wazi, umbali wa kama sentimita 2 na nusu. Wengi hufanya kinyume, wakiinyoosha mikono kama babu anayesoma gazeti, kisha wanalalamika kwamba hakionyeshi.

Kwa lenzi hiyo mtoto alitazama mchanga wa ufukweni Kunduchi akakuta kwamba haukuwa “mchanga” bali vipande vya kombe, punje angavu kama chupa na vijiti vyeupe ambavyo hadi leo hatujakubaliana ni vya nini. Alitazama picha ya rangi kwenye gazeti akakuta ni vitone tupu. Alitazama kioo cha simu ya mama yake akakuta weupe wote umefanywa kwa nyekundu, kijani na buluu. Alimkamata dumuzi kwenye gunia la mahindi, yule mdudu ambaye wakulima walimbandika jina la Skania kwa jinsi anavyosaga mzigo, akamtazama kichwa chake kilichoinama kama mtu anayesukuma mkokoteni. Na siku moja, bila kuambiwa na mtu, alipitisha kidole chenye maji ya limau juu ya msafara wa sisimizi ukutani, akakaa na lenzi yake akiwaona wanavyofika kwenye mstari ule, wanasita, wanageuka, wanagongana vichwa. Lile swali la mchwa likawa limejibiwa nusu: mchwa wafanyakazi walio wengi hawana macho ya kuwasaidia, na wanachofuata, kama sisimizi hao, ni harufu iliyoachwa na wenzao. Nusu iliyobaki, yaani harufu hiyo inatoka wapi mwilini, ameihifadhi kwa ajili yangu.

Niseme neno kando hapa. Boksi la hadubini ya plastiki lilikuwa na maandishi ya kwamba ni la wavulana. Dada mdogo wa mpwa wangu, mwenye miaka 6, hajui kusoma Kiingereza, kwa hiyo hakupata habari hiyo, na lenzi ya sonara imebidi inunuliwe ya pili.

Kosa langu jingine lilikuwa volkeno. Nadhani kila mtu ameliona boksi hili: kuna kifinyango cha mlima, mfuko wa plasta, rangi nyekundu, na pakiti mbili za unga ambazo zikikutana na maji hutoa povu. Shilingi 48,000. Mlima ulikauka kwa siku mbili, ukapakwa rangi, ukalipuka kwa sekunde 20, na mlipuko wa pili ulimaliza unga wote. Ndani ya pakiti zile hamkuwa na kitu kisichokuwa jikoni: bikaboneti, ambayo mama huitia kwenye keki, na asidi ya jamii ya ndimu. Vikikutana hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, nayo ndiyo inayolisukuma povu. Ukiwa na bikaboneti hiyo, siki, kijiko na chupa tupu ya soda umeshapata jaribio lote, pamoja na nafasi ya kubadili vipimo na kuona kinachotokea, jambo ambalo boksi lilikataza kwa herufi nzito.

Kilichoniudhi zaidi ni kijitabu chake. Kilikuwa na picha za volkeno za Italia na Hawaii, na hakikuwa na neno juu ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao kwa jaribio hili hasa ulistahili kuwa kwenye jalada. Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndio mlima pekee unaojulikana duniani kutoa katika zama zetu lava ya kabonati yenye sodiamu na potasiamu kwa wingi. Kwa maneno ya jikoni, mlima unaotapika magadi. Lava yake ina nyuzijoto kama 500 hadi 600 tu za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava za kawaida. Inatiririka nyepesi na nyeusi kama oili chafu, kisha ikikutana na unyevu wa hewani hugeuka kuwa nyeupe, hata mtu wa mbali akadhani ni theluji. Mojawapo ya madini makuu ya lava hiyo huitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Nilipomweleza mpwa wangu hayo, tukiwa tumeshika mlima wetu wa plasta wenye lava nyekundu, aliomba rangi nyeusi na nyeupe. Tuliupaka upya. Huo ndio ukawa wakati mzuri pekee wa zawadi ile, na haukutoka ndani ya boksi.

Kwa boksi la kuchimbua dinosaria nilikwenda nikiwa na dharau tayari, nikarudi nimeaibika kidogo. Ni tofali la plasta lenye mifupa ya plastiki ndani, pamoja na nyundo ndogo na brashi. Niliona ni mchezo wa kuchafua sebule. Mtoto alikaa nalo saa mbili na nusu barazani, akapiga taratibu, akapuliza, akavunja mbavu moja kwa pupa, akajuta, akapunguza kasi, na kujuta kule na kupunguza kasi ndiko kazi yenyewe ilivyo. Lifanyiwe nje na mtoto afungwe kitambaa puani, maana vumbi lake ni jingi. Dosari yake ni kama ya volkeno: mifupa ilikuwa ya mnyama wa Marekani, ilhali Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba kati ya mwaka 1909 na 1913, wakitumia mamia ya vibarua wa Kitanganyika waliobeba mizigo ya mifupa vichwani hadi bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama hao, aitwaye Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Nilimchapishia mtoto picha yake, nikamwonyesha Lindi kwenye ramani. Swali lake halikuwa la sayansi: “Kwa nini yuko kwao?” Nilimwambia aje amuulize babu yake, ambaye analo jibu refu.

Juu ya kukuza fuwele nitasema kwa ufupi kwa kuwa mambo yake ni mepesi. Boksi la kigeni lilikuwa shilingi 55,000 nami nikalirudisha rafuni, kwa sababu shabu, ile ya vinyozi na ya wauza dawa za asili, iko sokoni kwa shilingi 2,000 konzi nzima. Unaiyeyusha kwenye maji ya moto hadi ikatae kuyeyuka zaidi, unachuja kwa kitambaa, unaacha usiku mzima bila kutikisa. Asubuhi utakuta vijifuwele chini ya bilauri. Unachagua kimoja kizuri, unakifunga uzi mwembamba wa nailoni, unakining’iniza ndani ya maji mengine ya shabu yaliyopoa. Kwa wiki moja chetu kilifika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, chenye nyuso 8 kama piramidi mbili zilizobandikwa matako kwa matako. Mtu mzima ndiye ashike maji ya moto, na mtoto aonywe asionje.

Katika mambo ya umeme maoni yangu yamegawanyika. Yapo maboksi mazuri ya vipande vya kubana, kama yale ya Kimarekani yaitwayo Snap Circuits, ambayo kwayo mtoto hubonyeza swichi, balbu na kinanda kwenye ubao na kuunganisha saketi bila kuchomelea wala kukata waya, kwa nguvu ya betri mbili ndogo zenye jumla ya volti 3. Kwa nyumba isiyo na mtu anayejua waya, hilo ni jambo la salama na la heshima, na vipande vyake vinaweza kupangwa kwa namna ambazo mtengenezaji hakuziandika. Lakini ni ghali, na hapa mjini hayapatikani kila duka. Mimi nilikwenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu, nikamweleza shida yangu, naye kwa shilingi 15,000 akanifungia kwenye mfuko wa nailoni mota ndogo iliyotolewa kwenye kichezaji cha kaseti, taa tatu nyeupe za LED, swichi mbili, kishikio cha betri na waya wa kutosha, kisha akamwita mtoto na kumwonyesha kwamba mguu mrefu wa taa huelekea chanya. Ukigeuza haiwaki. “Kwa nini inakataa, fundi?” Fundi akaweka chini kazi ya mtu, akaeleza kwa robo saa. Huduma hiyo haiko ndani ya boksi lolote.

Baadaye tulifanya betri ya ndimu, kwa msumari uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba katika kila ndimu. Moja hutoa kiasi cha volti 0.9, kwa hiyo haiwashi kitu. Tulipofika ndimu 4, taa nyekundu iliwaka hafifu sana, ikabidi tuzime umeme wa chumbani ili tuione. Sheria ya nyumba ni moja: hakuna waya unaosogezwa kwenye soketi ya ukutani, yenye volti 230, kwa jaribio lolote lile.

Kuna vitu viwili ambavyo naomba visinunuliwe kabisa penye watoto wadogo, hata muuzaji akivisifu vipi. Cha kwanza ni zile gololi ndogo za sumaku kali zinazouzwa kwa makumi, zinazong’aa kama peremende. Mtoto akimeza mbili kwa nyakati tofauti, hushikana ndani kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Cha pili ni kifaa chochote chenye betri ya mviringo kama kifungo cha shati ambacho kifuniko chake hufunguka bila bisibisi. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, na anayeshuku kwamba mtoto ameimeza hapaswi kusubiri dalili bali kukimbilia hospitali papo hapo. Katika duka lile lenye kiyoyozi niliona vyote viwili kwenye rafu iliyo kimo cha mtoto wa miaka 3, nikamwambia msimamizi, naye akanishukuru na kuendelea na simu yake.

Sasa darubini. Ile ya kutazamia nyota, yenye miguu mitatu ya alumini na lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 60, ilikuwa imeandikwa kwamba inakuza mara 525. Kwa kuwa nilikuwa nimeshachomwa na hadubini, safari hii nilipiga hesabu nikiwa bado dukani: kikomo cha manufaa cha darubini ni takriban mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita, yaani kwa ile ni mara 120 katika usiku mwema. Zilizosalia ni ukungu. Tena miguu yake ilitetemeka nilipoigusa kwa kidole kimoja, na chombo kinachotetemeka humwonyesha mtoto nyota inayocheza ngoma. Niliiacha, nikanunua ya mitumba ya macho mawili, ile wanayoivaa watalii shingoni mbugani, iliyoandikwa 7x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi za mbele, na kwa usiku hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kwa sababu ndiyo inayokusanya mwanga. Nililipa shilingi 70,000 baada ya kubishana sana.

Tuliiegemeza kwenye ukuta wa dari la juu ya nyumba. Mashimo ya mwezini yalionekana vizuri kuliko wakati wote mwezi ukiwa nusu, kwa kuwa vivuli hurefuka. Mwezi mpevu huumiza macho tu na kufuta kila kitu. Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, alikuwa na vitone pembeni mwake vilivyojipanga mstari mmoja, na usiku uliofuata vilikuwa vimehama, sawasawa na vile Galileo alivyoviona Januari 1610 akatambua kwamba vinamzunguka. Kilimia, ambacho kwa macho matupu ni nyota sita au saba, kiligeuka kuwa konzi ya nyota. Bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake akitucheka, alituambia kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa mara ya kwanza mtoto akajua kwamba bibi yake naye hutazama nyota. Pete za sayari ya Zohali hazionekani kwa chombo hiki, asiahidiwe. Na jua halitazamwi kwa darubini yoyote hata kwa nukta moja, wala kwa vile vichujio vyeusi vya kupachika penye jicho vinavyokuja na baadhi ya darubini za bei rahisi, kwani hupasuka kwa joto. Vikiwamo kwenye boksi, vitupwe kabla mtoto hajaviona.

Zawadi ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, nayo ilitoka kwenye duka la vifaa vya maabara: vipimajoto viwili vya kioo vyenye kimiminika chekundu, vinavyosoma kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi 110, shilingi 8,000 kila kimoja. Visiwe vya zebaki. Viwe viwili kwa sababu kimoja hukupa namba tu, ila viwili hukupa ulinganisho, na mtoto akishaanza kulinganisha hushiki tena mkono wake. Pamoja navyo niliweka daftari la mistari na nikamsimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba huko Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye friza ya kutengenezea aiskrimu kwa kuogopa kukosa nafasi, akakuta yameganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi waliomcheka, na Osborne akarudi chuoni akalijaribu. Makala yao ilitoka mwaka 1969, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, lini, na kwa sababu gani.

Mtoto aliuliza kama friza ya kwao inafaa. Amejaribu mara tatu, kwa bilauri mbili zilizo sawa, maji ya kipimo kimoja, moja ya nyuzi 80 na nyingine ya nyuzi 30, akiandika kila baada ya dakika 10. Mara ya kwanza maji ya moto yalichelewa sana. Mara ya pili umeme ulikatika saa mbili usiku. Ya tatu iko kwenye friza ninapoandika, na mama yake amekatazwa kuchukua samaki.